Mlo wa Kwanza Chini ya Ukuta

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mlima, mlimani kijito, kijitoni kila mtu na mtungi wake. Nikiuliza ukuta, nanyi ulizeni nami. Mmenisikia?

Tumekusikia!

Hamjanisikia. Wale wa kule nyuma wanatafuna karanga. Mmenisikia?

Tumekusikia!

Haya, sasa tunaongea.

Hapo kale, huko milima ya Upare, kwenye kijiji cha Vuronge, alikuwapo mwanamke aitwaye Namkunda. Aliishi na mama yake, Bibi Naetwe. Bibi Naetwe miguu ilikuwa imemkatalia. Akitaka jua, Namkunda humbeba mgongoni. Akitaka kivuli, humbeba. Akitaka ugomvi, hapo hakuhitaji kubebwa, maana mdomo wake ulifika kila mahali.

Nyumba yao ilikuwa bondeni. Juu yake palikuwa na ndiva, bwawa lile la Wapare la kukusanyia maji ya kijito ili yateremshwe mashambani kwa mifereji. Ndiva ya Vuronge ilikuwa imechakaa. Basi Mfumwa Mkwizu, mtawala wao, akasema, "Nataka ukuta mpya. Nataka ukuta ambao mtu akiuona anasahau alikokuwa akienda."

Kazi akapewa nani? Akapewa Mashombo. Fundi wa maneno huyo! Akiongea, hata mbuzi husimama kumsikiliza.

Pembe ikapulizwa. Watu wakatoka kwenda kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na ujira. Wakabeba mawe. Mawe makubwa, mawe meusi, wazee kwa vijana, siku nyingi, mpaka mabega yakaota sugu. Wakayarundika pale kwenye ndiva. Mashombo akawaambia, "Asanteni, ndugu zangu. Sasa nendeni majumbani, mniachie mimi." Akazungusha uzio wa majani makavu ya migomba, mtu asione ndani.

Siku uzio ulipoondolewa, lo! Jamani, mimi naisimulia tu na bado nywele zinanisimama. Ukuta mweupe pe, umepakwa chokaa, unang'aa hadi ng'ambo ya pili. Mrefu, umeziba bonde zima. Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakavua kofia. Hata Bibi Naetwe akanyamaza, na hilo ndilo lililowashangaza watu kuliko ukuta wenyewe.

Namkunda naye alishangaa. Lakini nyumba yake ndiyo iliyokuwa chini ya ukuta ule. Akausogelea, akaweka sikio, akaimba kwa sauti ndogo:

*Ukuta we, ukuta,*
*usoni unang'aa,*
*tumboni una nini?*

Ulizeni nami, mbona mnaniacha peke yangu? Tumboni una nini?

Tumboni una nini?

Na ukuta ukajibu. Ndiyo, ukajibu! Ndani kwa ndani, kwa sauti ya mtu mwenye njaa:

*Nimelishwa majani,*
*nimelishwa mavumbi,*
*jiwe sijaliona.*

Namkunda akaondoa sikio. Akaangalia nyumba yake. Akamwona mama yake mlangoni, anaota jua.

Mfumwa akatuma mkaguzi. Mkaguzi akafika, Mashombo akampa paja la mbuzi la kuchoma. Akasimama kule juu, anatafuna. Namkunda akamsihi, "Baba, shuka huku chini, uweke sikio." Mkaguzi akasema, "Mimi nimetumwa macho, sikutumwa masikio." Akautazama ukuta. "Umepita!"

Mfumwa akatuma mkaguzi wa pili. Huyu akapewa asali. Namkunda akamsihi, "Baba, shuka, uweke sikio." Akasema, "Huko kuna matope, na viatu hivi ni vipya." Akalamba vidole. "Umepita!"

Akatumwa wa tatu. Huyu akapewa blanketi zito, akajifunika mpaka puani. Namkunda akapiga magoti. "Baba, nakuomba, ukuta unalalamika." Akamjibu toka ndani ya blanketi, "Ukuta ukiwa na malalamiko, uje barazani." Halafu? Semeni wenyewe.

Umepita!

Naam. Mnazijua kazi hizi nyie.

Namkunda akaenda kwa Mfumwa mwenyewe. Mfumwa akamwambia, "Mwanangu, watu wangu watatu wamesema umepita. Kesho kutwa tunaingiza maji, Mashombo ananikabidhi ukuta wangu. Nenda nyumbani." Akarudi analia njia nzima. Kuhama? Ahamie wapi, na mama mgongoni, shamba lote liko pale?

Sasa nisikilizeni vizuri. Vuronge kulikuwa na desturi. Nyumba mpya ikijengwa, mwenye nyumba haingii kwanza. Anaingia fundi, na waliosema nyumba imefaa, na mama mzazi wa fundi. Wanawasha moto, wanapika, wanakula mlo wa kwanza. Paa likianguka, linajua pa kuangukia. Desturi hii kila mtu aliijua, lakini ukuta wa maji si nyumba, kwa hiyo hakuna aliyeikumbuka.

Namkunda alikuwa anapuliza moto jikoni ndipo ikamjia. Akaacha kulia. Akacheka mpaka mama yake akauliza, "Wewe, umeingiwa na nini?"

Akarudi kwa Mfumwa na kumkuta yuko na Mashombo. Akapiga magoti. "Mfumwa, sikuja kulalamika tena. Nimekuja kuomba heshima. Fundi mkubwa namna hii aondoke bila mlo wa kwanza? Aibu kwetu! Ukuta hauna jiko, lakini nyumba yangu imeuegemea. Siku ya maji, Mashombo na wakaguzi waje wale kwangu. Napika makande, nachinja kondoo wangu. Na mama yake aje, tumwone aliyemzaa."

Mfumwa akafurahi. "Umesema!" Mashombo akatabasamu kwa meno tu. Angekataaje, mbele ya mtawala wake, kula chini ya ukuta wake mwenyewe?

Siku ikafika. Kijiji kizima kikapanda ukingoni. Namkunda akambeba Bibi Naetwe, akamketisha huko juu kwa watu. Mama yake Mashombo, Bibi Namcha, akaletwa kwa machela, kikongwe asiyeweza hata kusimama. Akaingizwa ndani, akapewa kigoda karibu na moto. Mashombo akaketi. Wakaguzi watatu wakaketi. Sahani zikajaa.

Huku nje maji yakafunguliwa. Ee, wenzangu! Maji yakaja yakitambaa, yakatandaa, yakapanda. Mawingu yakaonekana humo ndani, na vilele vya milima, na ndege wakipita chini badala ya juu. Watoto waliokuwa wanapiga kelele wakaacha. Mfumwa akashika kifua. Hakuna aliyewahi kuona maji mengi hivyo yakisimama mahali pamoja.

Namkunda akasimama ukingoni, akaimba. Safari hii kwa sauti kubwa, na nyinyi mniimbie kwa sauti kubwa. Tumboni una nini?

Tumboni una nini!

Ukuta ukajibu, na safari hii hakuna aliyehitaji kuweka sikio. Bonde lote lilisikia:

*Nimelishwa majani,*
*nimelishwa mavumbi,*
*jiwe sijaliona!*

Mle ndani vijiko vikasimama. Sahani zikatetemeka. Mkaguzi wa paja akatoka na paja lake. Wa asali akatoka bila viatu vyake vipya. Wa blanketi akaliacha blanketi. Na nyuma yao, mbio, akipanda mlima kwa mikono na miguu, nani? Mashombo!

Akafika juu anahema. Ndipo sauti nyembamba ikatoka kule bondeni.

"Mashombo! Mwanangu, mbona mmeniacha na chakula chote hiki?"

Mashombo akageuka. Akaanguka miguuni pa Mfumwa. "Ng'oeni kizibo cha mfereji! Mwageni maji! Mle ukutani hamna jiwe, nimejaza migomba na majani! Mama yangu yumo ndani! Mama yangu!"

Watu wote wakamgeukia Namkunda.

Namkunda akamtazama Mashombo. "Na wangu je?" akasema. "Wangu alikuwa humo kila siku."

Lakini hakungoja jibu. Alikuwa ameshaanza kuteremka. Akaingia ndani, akampa kikongwe mgongo kama alivyozoea kumpa mama yake, akapanda naye. Huku juu Mfumwa, mtawala mzima, akajitosa majini na wanaume, wakakamata kamba ya kizibo, wakavuta. Kikang'oka! Maji yakaingia mfereji mkubwa kwa kishindo, mlima ukatetemeka. Na Namkunda alipoweka mguu ukingoni, ukuta ukapasuka. Ukakaa chini taratibu, poo! Migomba iliyooza nje, majani nje, mavumbi juu. Maji machache yaliyobaki yakafika kizingitini pa nyumba ya Namkunda, yakakoma.

Mfumwa akafunika uso kwa mikono yake iliyolowa. "Uliniambia," akamwambia Namkunda, "nami nikatuma macho ya watu, yangu nikayaacha nyumbani. Nisamehe, mwanangu."

Na mawe je? Yale mawe meusi yaliyobebwa na watu? Yalikuwa kwenye kilima cha pili, yamekuwa nyumba ya Mashombo, yenye vyumba asivyovijua hata mwenyewe.

Pembe ikapulizwa. Na hapa, wenzangu, ndipo mimi huishiwa maneno. Watu walijipanga kutoka kilima kile hadi ndiva. Kila mtu anapokea, kila mtu anapitisha. Mfumwa yumo. Wakaguzi wamo, yule mmoja pekupeku. Mashombo ndiye anayebomoa, jiwe kwa jiwe, kwa mikono yake. Mlima mzima ulikuwa unapumua pamoja. Ukuta ukapanda, mweusi, haukupakwa chochote. Maji yakarudi, mawingu yakarudi ndani yake.

Namkunda akaweka sikio. Tumboni una nini?

Tumboni una nini?

Ukuta kimya. Ulikuwa umeshiba.

Mama zao wawili wakakaa chini yake wakila makande na kubishana juu ya chumvi. Na tangu siku ile huko Vuronge, awe ni wa barabara, awe ni wa daraja, mkaguzi akisema "umepita", watu hawapigi makofi. Wanamuuliza kwa adabu kabisa: "Mheshimiwa, mama yako hajambo? Mlete basi, chakula kiko tayari."

Hadithi yangu naiweka chini. Kama ina jiwe tumboni, itasimama. Kama haina, mimi hapa nimeketi chini yake, iniangukie mwenyewe.