Hisa Hazipandi Bila Kupandwa

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio, wanyama walikuwa wakijenga nyumba, wakifua nguo na kusengenya majirani kama sisi. Na walikuwa na kinu. Kinu kikubwa hicho, jiwe lake likizungushwa na maji ya mto, gru-gru-gru, asubuhi hadi jioni.

Kinu hakikuwa cha mtu mmoja. Siku ya kuchimba mfereji walikuja wote waliotaka, na karibu wote walikuwa wadogo, maana wakubwa walisema jua kali. Kazi ilipokwisha, Kobe, msimamizi wa kinu, akatafuta kitu cha kuwapa kiwe ushahidi. Mfukoni alikuwa na mbegu za boga tu. Basi akaichora kila mbegu kwa ukucha wake, alama ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuiiga, akampa kila mfanyakazi moja.

"Hiyo ndiyo hisa yako," akasema. "Siku ya gawio njoo nayo, upimiwe unga wako. Ukitaka kuiuza, iuze. Lakini hisa isiyoonekana siku hiyo ni kama imekufa. Nitachora nyingine, nimpe yule aliyeitolea jasho mfereji ukichimbwa."

Bi Kindi alipata moja. Alikuwa mjane, ana watoto wanaokula kuliko ukubwa wao, na hakuwa na sanduku la kufunga. Hisa yake akaitunza shavuni. Ukiongea naye ungedhani anaumwa jino.

Hisa ziliuzwa gulioni, na dalali wake alikuwa Fisi. Kila gulio alisimama juu ya kichuguu, akavuta pumzi na kupaza sauti: "Hisa imepandaaa!" Siku hiyo mwenye kuuza alipata karanga nyingi. Siku nyingine alisema imeshuka, na watu wakarudi nyumbani midomo imewashuka pia.

Sasa, Mzee Kiboko alikuwa na ghala limejaa karanga lakini hakuwa na hisa hata moja. Siku ya mfereji alikuwa amelala. Akamwita Fisi kwake, wakanywa uji, wakanong'onezana, wakacheka hadi kikombe kikadondoka.

Gulio lililofuata Fisi hakupanda kichuguu. Aliketi chini, akajifunika kanga, akalia. Alipoulizwa kulikoni, akasema kwa kwikwi kwamba jiwe la kinu limepata ufa, kwamba halitafika msimu wa mavuno, kwamba hisa imeshuka na itazidi kushuka hadi iingie ardhini. Lakini kwa kuwa ana huruma, akasema, yeye na Mzee Kiboko watazinunua, kiganja kimoja cha karanga kwa hisa.

Loo! Pakawa hapatoshi. Mama Kanga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuza, manyoya yakiruka, akisema afadhali kiganja cha karanga kuliko mbegu ya kinu kibovu. Sungura akauza. Panya wakauza, ukoo mzima. Hakuna aliyekwenda kulitazama jiwe, na kinu kilikuwa pale pale ng'ambo ya mfereji, gru-gru-gru, kinasaga.

Bi Kindi naye alikuwa kwenye foleni. Msimcheke. Aliwafikiria watoto, akaona kiganja cha karanga ni kiganja cha karanga. Ilipofika zamu yake alishaanza kuitoa mbegu kwa ulimi. Hapo akamwona Fisi akiipokea hisa ya aliyemtangulia. Aliipangusa vumbi, akaibusu, mwaa, ndipo akaitia mfukoni.

Bi Kindi akairudisha mbegu shavuni. Nani anabusu kitu kibovu?

"Haya, shemeji, lete," Fisi akamwambia.

"Jino linaniuma, dalali. Nitakuja siku nyingine."

Siku hiyo hiyo mambo yakafichuka. Mzee Kiboko alitangaza kwamba kinu sasa ni chake na cha Fisi, na kuanzia siku ya gawio kila asiye na hisa atakayekuja kusaga ataacha nusu ya unga wake. Ufa? Ufa gani? Ufa umepona. Mama Kanga akakaa chini akalia machozi ya kweli. Nusu ya unga! Kwa nyumba ya wadogo, hiyo ni njaa yenye jina jingine.

Na hisa ya Bi Kindi ingefanya nini peke yake? Alirudi nyumbani akiwa na hofu, akawatazama watoto wakigombania ukoko, na hofu ikageuka hasira. Kisha akakumbuka maneno ya Kobe, yale ya siku ya mfereji. Akaanza kucheka. Alicheka hadi watoto wakaacha ukoko wakamshangaa mama yao.

Alijua Fisi atakuja kuitaka ile hisa ya mwisho, maana mlafi hawezi kuacha hata punje. Na kweli, asubuhi, huyo anakuja, chepe chepe chepe. Akamkuta Bi Kindi nyuma ya nyumba, amepiga magoti, anashindilia udongo kwa viganja. Alikuwa amefukia karanga, kama kindi wote wafanyavyo tangu dunia iumbwe. Lakini alipomwona Fisi aliruka juu, akaketi pale pale alipofukia.

"Unaficha nini hapo?" Fisi akauliza.

"Sifichi kitu."

"Umeficha hisa yako."

"Sijaificha, dalali. Nimeipanda." Akaziba mdomo, kana kwamba neno limemtoroka.

"Umeipanda?"

Bi Kindi akainamisha kichwa kwa aibu. "Jamani, si wewe mwenyewe unayetutangazia kila gulio? Hisa imepanda, hisa imepanda. Sisi wengine hatukusoma, lakini hilo tulilielewa. Kitu hakipandi bila kupandwa."

Fisi alitaka kucheka. Alifungua kinywa kabisa, kisha akakiacha wazi. Mbegu moja, akawaza kwa sauti, inatoa boga. Boga moja lina mbegu mia. Mbegu mia ni hisa mia. Na yeye ana mfuko mzima!

"Ila nina wasiwasi," Bi Kindi akasema polepole. "Hizo mbegu mpya, zitakuwa na alama ya Kobe?"

Fisi akamtazama kwa huruma, ile ambayo mjuaji humtazamia mjinga. "Bibi wee, mwana wa nyoka ni nyoka. Na mwana wa hisa ni hisa."

"Haya, wewe ndiye mjuzi. Lakini nakuomba, usimwambie Mzee Kiboko."

Kabla hajamaliza kuomba, Fisi alishafika mtoni.

Basi wakapanda! Walipanda zote, nyuma ya nyumba ya Kiboko, kwenye tope jeusi la mtoni. Fisi alichimba vishimo, na Kiboko akamwagilia kwa kinywa, pwaaa, pwaaa. Zikaota. Zikatambaa. Zikapanda ua, zikapanda ukuta, zikapanda hadi juu ya paa, na kila asubuhi Fisi alisimama kichuguuni akipiga kelele kwamba hisa zimepanda, zimepita dirisha, zimefika darini! Kiboko alilala chini ya majani hayo akitabasamu. Mama Kanga alipita akayaona maboga yananenepa, akajilaumu, akaapa hatauza tena hata yai. Bi Kindi alitamani sana kumwambia. Akauma ulimi, pamoja na mbegu.

Siku ya gawio ikafika. Kobe akaweka mizani mlangoni mwa kinu. Bi Kindi akatema hisa yake, Kobe akaigeuza, akaona alama, akampimia unga wake.

Mara, kokoro kokoro, mkokoteni! Fisi anauvuta, Kiboko anausukuma, umejaa maboga. Fisi akapasua moja kwa kishindo, akachota mbegu kwa mikono miwili akazimwaga mezani.

Kobe akaichukua moja. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kobe hana haraka, mnamjua.

"Hizi ni mbegu za boga," akasema.

"Ni hisa! Mama yao alikuwa na alama yako!"

"Mama yao yuko wapi?"

Fisi akamtazama Kiboko. Kiboko akatazama chini.

"Amepanda," Kiboko akasema kwa sauti ndogo.

Kisha Mama Kanga akaanza, kwe-kwe-kwe, Sungura akafuatia, panya wakaanguka chali, na hata jiwe la kinu lilionekana kama linacheka, gru-gru-gru. Kobe hakucheka. Alisafisha ukucha wake, akaomba aletewe mbegu safi, na kwa bahati hazikuwa mbali. Zile zile za Fisi akazichora moja moja, akawarudishia waliochimba mfereji: Mama Kanga yake, Sungura yake, panya zao. Kila mmoja akapimiwa unga wake wote, bila nusu kukatwa.

Na maboga je? Yalipikwa. Sherehe hukosaje kitoweo? Bi Kindi alimpelekea Mzee Kiboko bakuli, maana maji yalikuwa yake, na Kiboko akala kimyakimya, akakiri kwamba siku nyingine wakichimba mfereji aamshwe.

Fisi hakula. Alikwenda zake vichakani, na hadi leo yuko huko. Msikilizeni usiku: sauti yake huanza chini, halafu inapanda, inapanda, uuuu-wiii, anaulizia hisa zake zimefika wapi.

Nanyi, wanangu, mkimwona mtu anakitukana kitu huku anakinunua, kishikeni kwa mikono miwili.