Dundu wa Malishoni na Dundu wa Bwawani

Paukwa!

Pakawa.

Ah, mbona mnaitikia kama mmenyimwa uji? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya! Hapo kale, kale ya mababu, alikuwepo Bibi Nyamizi, na siku hiyo roho yake ilikuwa juu. Mjukuu wake wa pekee, Kalunde, alikuwa anaposwa, na wakwe walikuwa wameanza utani. Ndiyo desturi: siku ya posa watu hutaniana, na haramu kununa.

Mzee Ng'wandu, baba wa kijana, mfugaji, akasema, "Kwetu malishoni hata dundu ana nguvu. Anasukuma donge la mavi ya ng'ombe kubwa kuliko yeye, biringi biringi! Dundu wenu wa bwawani anajua nini? Kuoga tu!"

Maganga, baba wa binti, mwana wa Bibi Nyamizi, akajibu, "Wetu anazama na pumzi yake chini ya mbawa, chubwi! Wenu anakula mavi!"

Lo! Ng'wandu akanuna. Maganga naye akanuna.

"Posa hakuna!"

"Na isiwepo!"

Kalunde akalia kwi kwi kwi. Bibi Nyamizi alimwonea uchungu, lakini usoni hakuonyesha.

"Tushindanishe," akasema.

Watu wakainuka kwenda kutafuta dundu.

"Kaeni! Dundu hawajagombana. Mtashindana nyinyi. Mkwe, kazame bwawani kama dundu wetu. Maganga, sukuma donge la mavi kama dundu wao, kichwa chini, kwa miguu. Atakayekataa ameshindwa."

Nani akubali kushindwa? Ng'wandu, chubwi! Akaibuka na magugu kichwani, koho koho! Chubwi tena! Akaibuka akitema viluwiluwi. Maganga, mikono chini, miguu juu ya donge, biringi biringi, pwa! Likamrudia usoni. Biringi biringi, pwa!

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kalunde naye akacheka, machozi bado mashavuni.

"Haya," Bibi akauliza, "dundu gani bora?"

"Wa bwawani!" Ng'wandu akasema, akitweta. "Mimi tumbo zima ni maji!"

"Wa malishoni!" Maganga akasema, akijifuta mdomo. "Lile donge si mchezo!"

"Kumbe bado mnabishana?" akasema Bibi. "Rudieni."

"Hapana, Mama!"

"Hapana, mkwe! Harusi iwe kesho!"

Na ikawa kesho yake.

Basi usiibeze kazi ya mwenzio kabla hujaishika mwenyewe. Hadithi yangu imekomea hapo. Na wewe uliyenuna pale nyuma, cheka.