Kichwa cha Zulfa na Kiti cha Dirishani

Hapo zamani, na nikisema zamani msinipeleke enzi za majini na masultani, nasema zamani ya juzi hivi, draya za kukaushia nywele zimekwisha kuingia mjini na kila ukuta una picha ya mwanamke aliyesukwa, palikuwa na saluni katika mji mmoja wa mkonge. Nisikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na asiyesikiliza asinijibu.

Saluni ile ilikuwa ya Bi Siwema. Ilikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa mlangoni, hicho cha Bi Siwema mwenyewe. Cha pili kilikuwa dirishani mbele ya kioo kirefu, na hicho ndicho kilichotafutwa. Kwa nini? Kwa sababu saluni nyingine zote za mji ule zilimlipa msusi zinavyojisikia: leo ukipata umepata, ukikosa shauri yako. Bi Siwema akikupa kiti, amekupa nusu ya malipo ya kila kichwa, jioni ileile, na wali wa mchana, na ukiugua kiti kinakungoja. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Mimi nimesuka wenzangu mkekani miaka ishirini na hakuna aliyeniahidi hata kigoda, kwa hiyo mkiniona nasimulia huku nimebana meno, mnivumilie.

Wanawake watatu walikitaka kiti kile.

Wa kwanza ni Mwantumu. Miaka sita alichota maji, akayapasha moto, akaosha vichwa vya watu, akafagia nywele zao. Kusuka alijifunza kwa macho. Nyumbani aliwasuka dada zake, polepole, lakini akasuka. Bi Siwema alimwambia, "Vumilia, mwanangu. Kiti kile siku kikiwa wazi, ni chako." Mwantumu akavumilia.

Wa pili ni Kidawa. Kiti kile kilikuwa chake miaka minane. Mikono yake ndiyo iliyojaza saluni, lakini watu walisema, "Tunakwenda kusuka kwa Bi Siwema." Kwa Bi Siwema, kwa Bi Siwema! Neno hilo lilimkaa Kidawa kama mwiba wa samaki kooni. Siku moja akavuka barabara, akafungua saluni yake, akaandika jina lake juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Bi Siwema alilia siku ile, akamwambia, "Nenda, mwanangu, lakini kiti chako hakikaliwi na mtu mimi nikiwa hai." Saluni ya Kidawa haikumaliza mwaka wa pili. Akarudi, akakaa kwenye benchi la wateja, akangoja aulizwe.

Wa tatu ni Stumai. Huyu alitoka chuoni na cheti, na aproni nyeupe yenye jina lake limeshonwa kifuani. Saluni ya kwanza aliyoomba kazi walimwambia, "Fanya miezi mitatu bila kitu, tukuone." Miezi mitatu ikaisha, wakamwambia, "Tumekuona, asante." Ya pili wakamwambia, "Njoo na wateja wako." Ya tatu mume wa mwenye saluni alikuwa na mazoea ya kuja kupanga taulo kila Stumai alipobaki peke yake, na Stumai akaondoka kabla taulo hazijapangika. Ya nne ilikuwa ya Bi Siwema. Bi Siwema akamtazama, akamwonea huruma, akamwambia, "Nipe mwezi mmoja. Mteja asipolalamika hata mmoja, kiti cha dirishani ni chako."

Mmesikia? Kiti kimoja, ahadi tatu. Bi Siwema hakuwa mwongo. Alikuwa na ulimi usiopenda kumwona mtu akiondoka na huzuni, na ulimi wa namna hiyo, jamani, una hatari kuliko wa mwongo.

Basi mwezi ule saluni ilijaa wivu hadi ungeweza kuufagia. Mwantumu aliitazama aproni ya Stumai akajisemea, "Mimi miaka sita nimevaa kanga iliyolowa, huyu kaja jana kaandikwa jina." Stumai alisikia wateja wakimwita Kidawa kwa furaha, "Kidawa wangu, umerudi!" akajisemea, "Mimi nawasuka na hawajui hata naitwa nani." Kidawa alivitazama vidole vya Stumai vikikimbia kichwani akajisemea, "Mimi nilikuwa na kasi hiyo zamani." Kila mmoja alikuwa na cha kuonewa kijicho, na hakuna aliyekiona cha kwake.

Siku ya mwisho ya mwezi, Alhamisi, akaletwa bibi harusi. Jina lake Zulfa. Kesho yake alikuwa aketishwe mbele ya wanawake, kichwa wazi, apambwe na kutunzwa zawadi. Na wanawake wa mji ule hutazama kichwa kwanza, uso baadaye. Mama yake aliingia akiwa bado hajavua viatu akasema, "Nataka msuko wa twende kilioni, wa mistari myembamba, ule wa kizamani. Na mnajua desturi: mkono mmoja."

Desturi ya pale ni hii. Kichwa cha bibi harusi kinasukwa na mkono mmoja tu. Aliyeanza ndiye amalize. Kuosha si kitu, maji hayana mkono, lakini akishagawa nywele msusi mmoja na kumalizia mwingine, basi mikono miwili kichwani, wake wawili nyumbani. Msinicheke mimi, waulizeni wao.

Vidole vya Bi Siwema vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, havikunjiki. Akawatazama watatu wale. Akasema, "Stumai ashike. Leo mwezi wake unatimia."

Moyo wa Mwantumu ukaungua. Wa Kidawa ukaungua.

Mwantumu akampeleka Zulfa kwenye beseni akamwosha. Nyuma ya sikio la kulia vidole vyake vikagusa gaga la kidonda. Zulfa akashtuka, akamnong'oneza, "Dada, hapo niliungua na dawa ya nywele. Mama alinikataza dawa. Usimwambie, tafadhali." Mwantumu angeweza kumnong'oneza Stumai. Mnong'ono mmoja tu, na mama asingesikia. Akaona, akameza mate, akanyamaza. Siri au wivu? Yeye mwenyewe anajua.

Stumai akampokea mteja. Chuoni alifundishwa: kabla ya chanuo, kagua ngozi ya kichwa, na kama ameosha mwingine, muulize alichokiona. Lakini kumuuliza Mwantumu? Mbele ya mama wa bibi harusi, msusi mwenye cheti amuulize mwosha vichwa? Akaanza bila kuuliza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipokaribia sikio la kulia Zulfa akakunja mabega. Stumai akaona, akameza mate, akanyamaza. Akajisemea kichwa chororo tu hicho, akaendelea.

Kidawa alikuwa benchini, na benchi linatazamana na kioo kirefu. Ndani ya kioo aliona meno ya chanuo yana wekundu. Msusi wa miaka minane hahitaji kuambiwa huo ni nini. Akawaza, "Acha. Bibi harusi apige kelele, mwezi wa huyu uishe na lalamiko." Akaona, akameza mate, akanyamaza.

Stumai akavuta mstari wa nne. Machozi yakamtoka Zulfa kimyakimya, yakashuka hadi kidevuni. Hapo Mwantumu, aliyekuwa ameshika ndoo, akaitupa chini. "Acha! Acha, Stumai, utamchana! Ana kidonda!"

Mama akaruka. Akafunua sikio, akaona gaga limenyanyuka na damu inatambaa. "Kidonda gani hiki? Nani kamuumiza mwanangu? Vua aproni hiyo, wewe, atoke mwingine amalize!"

Halafu akakumbuka maneno yake mwenyewe. Mkono mmoja. Aliyeanza ndiye amalize. Mama akashika kiuno, akageuka ukutani. "Basi tumekwisha," akasema. "Nimtoe vipi kesho, nusu kasukwa nusu nywele za jini?"

Stumai akashusha chanuo. Alijua mitindo ishirini ya chuoni, lakini twende kilioni ina njia zake, na ukiruka mahali pamoja kichwa kizima kinapinda. "Sijui kuipitisha," akasema. "Sijui."

Kidawa akainuka kwenye benchi. Hakugusa unywele. Akakunja mikono nyuma ya mgongo ili mama aione, akasimama karibu na kioo. Kwanza akasema na mama: "Shoga, mimi nilimsuka dada yako siku yake, unanijua. Keti. Mwanao atatoka." Mama akaketi. Kisha akamwambia Stumai, "Fumua mstari wa tatu na wa nne. Haya. Acha njia upana wa vidole viwili juu ya sikio. Usishuke! Upeleke mstari nyuma kama unazunguka kisima. Hapo. Sasa urudishe ukutane na wenzake kisogoni."

Mwantumu akaleta maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akasafisha kidonda, akakata jani la mshubiri nyuma ya nyumba, akapaka ute wake, akaushikilia ukingo wa sikio kwa kitambaa saa mbili nzima, hadi mkono ukafa ganzi. Zulfa alikuwa amemshika kanga asiondoke.

Na Stumai akasuka. Alisuka kwa vidole vyepesi hivi kwamba Zulfa alisinzia. Mistari ikapita mbali na kidonda, ikazunguka, ikakutana kisogoni, na pale palipoachwa wazi pakaonekana kama pamekusudiwa tangu mwanzo. Mama alikizunguka kichwa mara tatu akitafuta kosa. Hakulipata. Akapiga kigelegele.

Ijumaa wanawake walimtunza Zulfa hadi kanga zikajaa mapajani. Wakamuuliza, "Mwali, nani kakusuka?" Naye akajibu, "Nimesukwa kwa Bi Siwema."

Kwa Bi Siwema! Habari ikawafikia watatu wote kabla ya magharibi, na hakuna aliyelala vizuri.

Jumamosi asubuhi wakasimama mbele ya Bi Siwema.

Stumai akasema, "Bi, mwezi wangu umekwisha, na mama alifoka lakini akamaliza kwa kigelegele, lalamiko hakuondoka nalo. Mkono ni wangu. Kila unywele wa kichwa kile umepita vidoleni mwangu. Nimetembea mji huu na cheti changu kama muuza maandazi, kila mlango wananionja hawanunui. Uliniahidi."

Kidawa akasema, "Mkono wako, njia za nani? Bila mdomo wangu ungekuwa bado unasema 'sijui' pale. Na mama yule alikaa kwa ajili ya nani? Wateja hawa niliwaleta mimi, kiti kile nilikilainisha mimi. Bi, ulisema hakikaliwi na mtu ukiwa hai. U hai, alhamdulillahi."

Mwantumu akasema, "Nyote wawili mngemchana mtoto wa watu mkagombania chanuo. Nani aliyesema acha? Nani aliyemtibu? Nina miaka sita kwenye beseni lile. Mmoja wenu aliondoka, mwingine kaja juzi, mimi sikuondoka. Kiti kimekaa wazi karibu miaka miwili, Bi, na kila nilipouliza uliniambia bado kidogo."

"Ulijua tangu kwenye beseni," Stumai akamwambia. "Zulfa kaniambia. Ulijua ukaninyamazia."

"Nawe hukuuliza! Ungekufa kwa kuniuliza?"

"Na wewe, Kidawa," Mwantumu akageuka, "nilikuona kupitia kioo. Macho yako yalikuwa kwenye chanuo."

Kidawa hakukana. Alisema tu, "Ndiyo. Niliona. Nilimwonea wivu, nikanyamaza. Nani kati yetu hakunyamaza?"

Kisha Mwantumu, ambaye miaka sita hakuwahi kumjibu Bi Siwema, akamwambia, "Na wewe, mama yetu, umetoa kiti kimoja mara tatu. Wewe ndiye uliyetuchonganisha."

Bi Siwema alivitazama vidole vyake vilivyovimba. Akasema, "Kweli. Nilitaka kila mmoja wenu alale na matumaini. Leo nitasema jina moja, nisije nikaongopa tena. Kazi iliyopo ni ya watu wawili. Mmoja atashika kiti. Mmoja ataosha vichwa chini yake. Wa tatu sina cha kumpa, na sitamwambia bado kidogo."

Kabla hajasema, mteja akaingia, mwanamke mnene ana haraka zake, hajui lolote. Akaenda moja kwa moja dirishani, akaketi, akafungua kilemba, akasema, "Haya, nani ananisuka?"

Mikono mitatu ikanyooka kwenye chanuo kimoja. Ikasimama hewani. Wote watatu wakamgeukia Bi Siwema, na Bi Siwema akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo alipofungua mdomo, maana jina alilolitaja lilimliza mtu, na sitaki kumliza mimi. Semeni ninyi mlioketi hapa, na kila mmoja aseme kwa haki, asimseme anayefanana naye. Mkono wa Stumai, mdomo wa Kidawa, au subira ya Mwantumu? Nani apewe kiti, nani abaki na ndoo, na nani aambiwe kwaheri? Je, nani alistahili?