Nyumba ya Mkono wa Mzee Songoro

Hapo zamani, zamani isiyo ya mbali sana, kwa kuwa baadhi ya waliokuwapo wapo hadi leo, palikuwa na mama mmoja wa Ujiji aliyeitwa Bi Mauwa. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, mbele imepakwa chokaa. Mumewe, Mzee Songoro, aliijenga mwenyewe katika miaka ya mwanzo ya ndoa yao. Mume alipima, mke alishika kamba. Humo, kama alivyozoea kusema, Bi Mauwa alizaa watoto watatu. Humo alikaanga samaki wa migebuka kwa mawese mpaka ukuta wa jikoni ukawa mwekundu. Na humo Mzee Songoro alifariki.

Macho ya Bi Mauwa yalipoanza kufifia, hakuna aliyejua, kwa sababu nyumba ilimfichia siri. Alitoka kitandani, akahesabu hatua, akafika mlangoni. Alitoka mlangoni, akahesabu hatua, akafika kwenye mtungi. Alitoka kwenye mtungi, akahesabu hatua, akafika uani, akatawadha, akarudi. Hakupapasa ukuta wala hakumwita mtu. Watoto walipogundua kwamba mama yao haoni kitu isipokuwa mwanga na kivuli, tayari miaka miwili ilikuwa imepita.

Kisha ikaja masika moja iliyonyesha siku tisa. Siku ya tisa, mchana, wote wakiwa nje, ukuta wa nyuma ulikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na paa likafuata. Hakuumia mtu. Lakini nyumba haikuwapo tena.

Watoto wa Bi Mauwa walikuwa hawa. Wa kwanza ni Kabibi, mjane, aliyekuwa akiishi na mama yake na hakuwa na kwake pengine. Wa pili ni Shomari, mchoraji wa ramani za majengo. Wa tatu ni Tunu, kitinda mimba, aliyefanya kazi ya kuandika programu za kompyuta huko Dodoma.

Shomari aliwachukua mama na dada yake, akawaweka kwake. Nyumba yake ilikuwa nzuri, ya vigae, yenye vyumba vingi na kona nyingi. Humo Bi Mauwa hakuweza kwenda hata msalani bila kushikwa mkono. Wajukuu walimpenda, wakawa wanagombea kumwongoza. Yeye akawa hanywi maji kuanzia adhuhuri, ili asimsumbue mtu. Kabibi ndiye aliyeviona vikombe vimejaa pembeni ya mkeka, akafahamu, lakini hakujua la kufanya.

Siku moja Bi Mauwa akawaita watoto wake.

“Wanangu,” akasema, “kiwanja kipo na matofali mmepata. Msinijengee nyumba nzuri. Nijengeeni nyumba yangu, nitembee mwenyewe. Atakayenirudishia nyumba yangu, chumba cha mbele ni chake, kile cha baba yenu.”

Chumba hicho wote watatu walikitaka. Kilikuwa na dirisha linalotazama barazani. Hapo Mzee Songoro alikuwa akikaa jioni akinoa panga lake la kukatia mikungu ya michikichi, redio ikiimba, na mtoto yeyote aliyepita alipewa kipande cha muwa. Kabibi alikitaka kwa kuwa hakuwa na pa kulala pake. Shomari alikitaka kwa kuwa ndiye mwana wa kiume. Tunu alikitaka kwa kuwa humo ndimo baba yake alimfundisha kusoma.

Wa kwanza kuanza akawa Shomari. Alikuwa na programu ya kuchorea majengo, inayosimamisha nyumba nzima ndani ya kompyuta, ukaizunguka ukaiona kila upande. Alichora wiki nzima. Akamwambia mama yake kwamba akitoka chumbani, mlango wa jikoni uko kulia. Bi Mauwa akasimama, akatembea hatua chache hewani.

“Si hapo, mwanangu.”

Shomari akachora upya. Mlango ukihama, ukuta unahama. Ukuta ukihama, paa linahama. Kila badiliko likamchukua siku tatu, na huku ana ramani za watu wengine zinazomsubiri. Akarudi kwa mama yake. Si hapo, mwanangu. Akachora tena. Si hapo. Miezi miwili ikapita hivyo. Mwishowe Bi Mauwa akasema basi, wamjengee yoyote, yeye ameshachoka kusema. Siku ile chai yake ilipoa bila kuguswa.

Ndipo Tunu akaja likizo. Katika kazi yake alikuwa na msaidizi wa akili mnemba, kitu kilichomo ndani ya kompyuta, ukikiandikia maneno ya kawaida kinakuandikia programu. Tunu alitazama, akaona jambo. Msaidizi wake alielewa maneno lakini hakuweza kugusa ramani. Programu ya kaka yake iliweza kujenga ramani lakini haikuelewa neno hata moja la Bi Mauwa. Tunu akaamua kuviunganisha, ili neno likisemwa huku, ukuta usogee kule.

Siku ya kwanza msaidizi aliezeka paa juu ya ua. Jirani mmoja aliyekuja kutazama akauliza kama kuku nao watawekewa taa. Siku iliyofuata milango yote ilifungukia ukutani. Shomari alicheka mpaka akakaa chini, akasema mdogo wake amejenga gereza, si nyumba. Tunu akarudi kwenye kompyuta yake. Alifanya kazi wiki tatu, na wiki ya tatu vitu viwili vikaelewana.

Basi mama alisema, Tunu akaandika, ukuta ukasogea. Mama akasema si hapo, Tunu akaandika, ukuta ukasogea tena. Kazi iliyoshindikana miezi miwili ikafanyika kwa asubuhi moja. Bi Mauwa akachangamka, akawa anasema hata asiyoulizwa. Akasema taa ilipotundikwa. Akasema Songoro alipokuwa akificha sukari, na jinsi watoto walivyopajua siku zote naye akajifanya hajui kwamba wanajua.

Vipimo vyote alivitaja kwa mikono, kama mumewe alivyopima, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Chumba chake, mikono tisa kwa saba. Ukumbi, mikono ishirini. Msaidizi, kabla ya kuchora, akaandika swali kwenye kioo cha kompyuta: mkono huo ni wa nani, na urefu wake ni kiasi gani? Tunu alikuwa na haraka, mama yuko katikati ya maneno. Akaandika kwamba ni mkono wa kawaida tu, nusu mita. Shomari alikuwa amesimama nyuma yake, akalisoma swali na jibu, hakusema kitu, kwa sababu nusu mita ni hesabu nyepesi. Kabibi alikuwa jikoni anachambua dagaa. Hakuna aliyemsomea.

Ramani ilipokwisha, Shomari aliichunguza, akasema nyumba hiyo ikijengwa vile ilivyokuwa, itaanguka vile ilivyoanguka. Akaweka msingi wa mawe ulioinuka na mkanda wa zege juu ya kuta. Na kwa kuwa msingi umeinuka, akaweka mteremko mlangoni badala ya ngazi, ili mama asijikwae. Kazi hiyo hakumwachia msaidizi. Aliifanya mwenyewe.

Kisha wakaenda kiwanjani, wakachora nyumba nzima ardhini kwa majivu, na penye ukuta wakafunga kamba. Wakamleta mama yao, akavua viatu, akasimama mahali pa kitanda. Akahesabu hatua, akanyoosha mkono ashike mlango. Hakukuwa na mlango. Ulikuwa mbele zaidi. Akahesabu kwenda kwenye mtungi, akajikwaa kwenye kamba. Akasimama pale pale, kanga imemdondoka begani.

“Hapa ni kwa watu,” akasema. “Nirudisheni.”

Shomari akanong'ona kwamba mama amesahau, ni uzee. Tunu akasema kompyuta haikosei hesabu. Kabibi alimwokotea mama yake kanga, akamfunika, kisha akawageukia wadogo zake.

“Mlipima kwa mkono wa nani?”

Kabibi akawaambia wasilolijua. Shomari alipokuwa angali ananyonya na Tunu hajazaliwa, kinu cha kukamulia mawese kilimkata baba yao ncha za vidole. Wao walipopata akili, mkono wa baba ulikuwa mkono wa baba, hawakuuliza. Lakini nyumba ilijengwa baada ya ajali ile, na mkono wa Mzee Songoro uliishia pale ambapo mikono ya wanaume wengine bado inaendelea.

Shomari akamkatiza, akauliza ilikuwaje yeye awe amezaliwa kabla ya nyumba. Kabibi akacheka.

“Wewe ulizaliwa kwenye kibanda, bwana mkubwa. Kibanda kilichosimama hapo hapo kabla ya nyumba.”

Bi Mauwa akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli. Yeye husema wote watatu walizaliwa katika nyumba ile kwa sababu ndivyo moyo wake ulivyozoea kusema.

Kabibi akaendelea. Alipokuwa msichana, baba yake alimwita, akaweka kiwiko chake karibu na kiwiko cha mtoto. Mikono ikalingana. Akamwambia kuanzia leo aende dukani mwenyewe kupima kitambaa, mkono wake ni wa baba, asikubali kupunjwa. Kabibi akaunyoosha mkono ule ule juu ya futi ya Shomari. Sentimita arobaini na mbili.

Tunu akafungua kompyuta hapo hapo kiwanjani, akafuta namba moja, akaandika nyingine. Nyumba nzima ikajikunja mara moja, kuta, milango, paa na mteremko. Shomari akaikagua siku nzima, akakuta mteremko umekuwa mkali kuliko miguu ya mama inavyoweza, akaurekebisha. Majivu yakamwagwa upya. Mama akahesabu, akafika.

Kabla ya masika nyingine nyumba ilikuwa imesimama. Siku ya kuhamia, Bi Mauwa aliwaamuru wanawe na majirani waliokuja kushangilia wabaki nje, akaingia peke yake. Wakasikia hatua. Wakasikia mlango wa uani unafunguka. Kisha wakamsikia akimfukuza kuku wa jirani, kwa sauti ambayo hawakuisikia tangu mvua ile.

Alipotoka, akauliza nani amemrudishia nyumba yake.

Shomari akasema, “Mama, nyumba ile ilianguka. Hii haitaanguka, na aliyefanya isianguke ni mimi.”

Tunu akasema, “Mama, ulikuwa umeshakata tamaa, unataka ujengewe yoyote. Nilipokuja ukaanza kusema tena. Kosa la mkono nalikubali, lakini kulirekebisha kulichukua dakika moja kwa sababu ya kazi yangu.”

Kabibi akasogea pale mama yake alipomwita kwa jina. Ndipo akasema, “Mimi sina la kwangu, mama. Mkono ni wa baba.”

“Ndiyo, dada,” Shomari akasema. “Mkono umepewa tu. Hukuusomea.”

“Na wewe kusoma kwako kulitoka wapi?” Kabibi akamrudishia. “ Si kwenye mawese ya mkono huo huo?”

Tunu, kwa kutaka kupoza, akasema kwa haki kabisa aliyeuliza swali la maana mapema kuliko wote ni msaidizi, basi apewe yeye chumba, maana hahitaji hata godoro. Watu wakacheka. Bi Mauwa naye akacheka, akasema huyo aje kwanza amsalimie. Kisha akaacha kucheka.

“Chumba niliahidi kwa mmoja,” akasema. “Nikikikata vipande vitatu, nitakuwa nimesema uongo katika nyumba ya baba yenu siku ya kwanza ya kulala humo. Mimi ni mama yenu wote, siwezi kuchagua. Nichagulieni nyinyi majirani.”

Majirani walikula pilau, wakabishana, wakaenda makwao bila kukubaliana.

Sasa nanyi mmesikia. Bila Shomari, nyumba ingeanguka. Bila Tunu, isingechorwa. Bila Kabibi, ingekuwa ya watu. Mlango wa chumba cha mbele uko wazi, hamna kitanda ndani, na Bi Mauwa amekaa barazani anasubiri kuambiwa jina. Je, mtamtajia nani?