Mpe Tu, Mimi Namdhamini

Isomeni hii ninyi mnaouza vitu mtandaoni, na zaidi isomeni ninyi majirani zao wenye midomo mirefu. Naiandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Katika mji mmoja wa Upareni aliishi mjane aitwaye Bi Nakijwa, fundi wa kushona. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshazibwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilianza kufuata. Madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali ya wilaya kwa muda mfupi kufanya upasuaji. Akaamua kuuza kimoja kati ya vyerehani vyake viwili, kile cha kudarizi, apate gharama za jicho. Akakitangaza kwenye kundi la kuuza na kununua vitu mtandaoni.

Mnunuzi alikuja kesho yake na gari dogo la mizigo. Kijana nadhifu, shikamoo yake imejaa unyenyekevu. Akakaribishwa makande, akala na kusifia. Bei hakubishana hata kidogo. Akabonyeza simu yake, na simu ya Bi Nakijwa ikalia.

"Tayari, mama. Nimeongeza na ya kutolea, usije ukakatwa."

Ya kutolea! Nani kati yetu hamwoni mtu anayetuma na ya kutolea kuwa ni muungwana? Hapo ndipo wanapotupatia, washenzi hawa.

Bi Nakijwa akaisogeza simu karibu na jicho, lakini herufi zilimchezea. Akasema taratibu, "Baba, kaa kidogo. Nifike kwa wakala hapo kona nikaangalie salio. Ikiwa imeingia, unapakia."

Sura ya kijana ikabadilika. "Mama, yaani nimekula chakula chako, halafu unaniona mwizi?"

Majirani walishajaa uani. Mmoja wao alikuwa Bwana Mkwizu, mwenye nyumba za kupangisha, asiyepitwa na jambo la mtu. Akaichukua simu mikononi mwa mjane, akasoma ujumbe kwa sauti.

"Si hii hapa, umepokea! Unamtia mgeni aibu, Nakijwa. Ndiyo maana wateja wanaukimbia mtaa huu. Mpe tu, mimi namdhamini."

"Unamfahamu?"

"Mtu mwenye adabu hivi, mpaka nimfahamu?"

Watu wakacheka. Bi Nakijwa akaona haya, haya ya kumshuku mtu aliyekula kwake na haya ya kuonekana mshamba wa simu. Akasogea pembeni, na cherehani kikapakiwa.

Alipofika kwa wakala, salio lilikuwa lile lile la juzi. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, umeandikwa kwa kuigiza ule wa kampuni ya simu. Namba ya kijana ilikuwa imeshazimwa.

Sasa sikieni kinachoniudhi kuliko hata mwizi mwenyewe. Wale wale waliocheka walikuja kumpa pole, na wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Bwana Mkwizu.

"Lakini na wewe, Nakijwa, unatoaje mali bila kuangalia salio?"

Bi Nakijwa akajifunga khanga, akaenda polisi, na kutoka huko akanyoosha hadi kwa mjumbe wa nyumba kumi, mama mmoja asiyetaka maneno mengi.

"Mwizi nimeshamripoti," akasema. "Hapa nimekuja kumshtaki mdhamini wake."

Mkwizu akaitwa. Akaja anacheka. "Mjumbe, yale yalikuwa maneno tu!"

"Ulisema unamdhamini?"

"Nilisema, ila..."

"Ulimjua?"

"Hapana."

"Cherehani kilikuwa chako?"

"Hapana."

"Basi umegawa mali ya mjane kwa mdomo wako. Utamlipa, na umlipe kabla madaktari hawajaondoka."

Majirani waliofuata kusikiliza wakainamisha vichwa. Walijua nao walicheka.

Kodi za wapangaji Mkwizu alikuwa ameshazitumia, kwa hiyo akaitangaza televisheni yake kubwa kwenye kundi lile lile. Akaja mama mmoja mwenye banda la kuonyeshea mpira. Akaijaribu televisheni, akaridhika, akatuma malipo. Simu ya Mkwizu ikalia. Bi Nakijwa alikuwa hapo hapo, kwenye mkeka, akisubiri haki yake.

Mkwizu akasimama mbele ya televisheni kama anailinda. "Samahani, mama," akasema huku jasho likimtoka. "Subiri kidogo, niangalie salio kwanza."

"Bwana Mkwizu," Bi Nakijwa akauliza, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "mbona unamtia mgeni aibu?"

Mkwizu alikosa pa kuweka macho. Lakini yule mama wa banda alishangaa tu.

"Aibu gani tena? Angalia, baba. Ukitaka nenda hata kwa wakala, nakusubiri. Mimi mwenyewe nikiuza kitu hufanya hivyo hivyo."

Salio lilikuwa limeongezeka. Bi Nakijwa alilipwa pale pale, akawahi madaktari siku yao ya mwisho, na leo jicho lake la kulia linaona. Cherehani chake cha kudarizi hakijapatikana mpaka sasa.

Funzo: Ujumbe si pesa. Unapouza kitu, angalia salio lako mwenyewe au toa fedha kwa wakala kabla mzigo haujaondoka. Mnunuzi wa kweli atakusubiri, na anayekasirika ndiye wa kumwogopa. Nawe jirani unayependa kusema "mpe tu", kwanza jiulize kama uko tayari kulipa.