Udongo Ambao Haukuonjwa

Paukwa!

Pakawa.

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha nyumbani?

Tumekuja nayo.

Basi leo sichekeshi, na nyinyi msicheke.

Hapo zamani za kale, wanyama wachimbaji walikuwa na chama chao. Mwenyekiti alikuwa Muhanga, mwenye kucha ndefu kuliko wote. Katibu alikuwa Nungunungu. Ngiri yeye alishika sahani, maana chama hicho kilikula sana.

Kulikuwa pia na chuo, na huko alisoma Fuko, binti wa mjane. Mwalimu wake, Kobe, alimfundisha kina, mteremko na tundu la hewa. Kitu kimoja hakumfundisha, kwa sababu yeye mwenyewe hakukijua, nacho ni kuonja udongo. Mchimbaji mzoefu huweka udongo kwenye ulimi akajua kama utashika au utamwagika mvua ikinyesha. Ladha hiyo haiandikwi ubaoni. Lazima mkubwa aingie na wewe shimoni, muonje pamoja.

Mwaka ule nyati walikanyaga nyumba ya mama yake Fuko, ikadidimia. Masika yalikuwa karibu. Fuko akachimba nyumba mpya ukingoni mwa mto, nayo ndiyo ikawa kazi yake ya kumalizia chuo. Mama akahamia. Nyumba ilichimbwa vizuri, lakini udongo ule ulimtia Fuko shaka. Akaamua kuwaendea wakubwa.

Akaenda kwa Muhanga. Akamwamkia, akamwomba aje aonje. Muhanga akamwambia kwa upole kwamba chama ni cha waliohitimu, na akihitimu atakaribishwa kwa mikono miwili. Fuko akarudi akiimba:

Mzee, njoo unionjee,
mvua yaja, mama yumo,
mzee, njoo unionjee.

Akaenda kwa Nungunungu. Huyo alikuwa akiandaa sherehe ya wanafunzi, eti chama kinawapenda mno, kwa hiyo hakuwa na nafasi. Akampa Fuko kofia ya chama aivae siku hiyo. Fuko akarudi na kofia yake, akiimba:

Mzee, njoo unionjee,
mvua yaja, mama yumo.

Akaenda kwa Ngiri. Ngiri akauliza vijana wa siku hizi wanataka nini zaidi, wamevishwa kofia na sasa wanapikiwa. Fuko akajibu kwamba anataka ulimi mmoja tu, kwa muda wa kutafuna njugu moja. Ngiri akacheka. Jamani, akacheka. Safari hiyo Fuko alirudi bila kuimba.

Siku ya sherehe ikafika. Muhanga akahutubu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akiwasifu wachimbaji wa kesho. Fuko alikaa mstari wa mbele, kofia kichwani. Mvua ya kwanza ikashuka hapo hapo, mvua kubwa. Fuko akaacha sahani yake akakimbia.

Alikuta ukingo umeporomokea mtoni. Nyumba haipo. Mama yumo.

Alichimba siku mbili. Siku ya tatu alimpata, akamlaza kwenye nyasi, akamfuta matope puani kwa ile kofia.

Chama chote kikaja msibani. Muhanga akainama, akachota udongo kidogo, akauweka kwenye ulimi. Kisha akasema, "Huu ni mchanga wa mto, umefunikwa udongo juu tu. Yeyote kati yetu angejua."

Fuko akainua uso. "Ndicho nilichokuja kuuliza, mzee."

Muhanga akalia mbele ya watu, na mimi sina la kumfariji.

Tangu hapo sherehe ikafutwa. Kila mkubwa akapewa mwanafunzi wake, wakawa wanashinda shimoni pamoja. Uzeeni Fuko akawa mwenyekiti. Masika yakikaribia hakungoja kuitwa, alipita shimo kwa shimo akionja, mpaka meno yakamwisha. Mama wengi wa watu walipona. Wa kwake hakurudi.

Funzo lake ni hili. Ninyi wenye ujuzi, mwanafunzi akija kuuliza, msimpe kofia mkadhani mmemsaidia. Inukeni, mwende naye kwenye kazi yake, kabla ya mvua.

Hadithi yangu naifukia hapa. Atakayepita, akanyage polepole.