Nakiete na Bwawa Lililojaa Tope

Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo!

Ije mikono mitupu?

— Ije na utamu!

Wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzio. Sirudii mtu leo.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanasalimiana, huko milimani Upare aliishi mwanamke aitwaye Nakiete. Mchapakazi, jamani! Jembe lake halikujua kupumzika. Ila alikuwa mbishi, na ubishi wake ndio uliotuletea maneno.

Kijiji kile kilikuwa na ndiva, yaani bwawa la udongo. Usiku maji ya chemchemi yalijikusanya humo. Asubuhi yalifunguliwa yakateremka mferejini, kila shamba kwa zamu yake. Juu ya ndiva palikuwa na kipande cha msitu. Wazee walisema hakiguswi, basi hakikuguswa, wala mtu hakufika huko.

Nakiete akakitazama, akakitazama. "Udongo mweusi namna hii wakae nyani?" akasema. "Na mimi nina watoto wanne na kishamba kama kiganja!"

Msimu wa kwanza akafyeka matete. Kaa akatoka majini. "Shikamoo, mama. Hayo matete ndiyo yanayozuia tope lisiingie ndivani."

"Marahaba. Nenda ukale matope yako," akasema Nakiete. Akapanda maharage, akavuna.

Msimu wa pili akachoma majani yote. Fuko akatoka shimoni akikohoa. "Mama, usiivue ardhi nguo. Mvua itaichapa."

"Kipofu wewe, utanionyesha njia?" Akapanda, akavuna zaidi.

Msimu wa tatu akaangusha mkuyu. Hondohondo akapiga kelele, "Nakiete, makinda yangu yamo humo!"

"Miti imejaa dunia nzima," akajibu. Akalima matuta kutoka juu moja kwa moja hadi chini, maana kulima hivyo hakuchoshi mgongo.

Basi mvua ikaja. Ikanyesha siku tatu. Maji yakafuata matuta yale yale, yakabeba udongo mweusi wote, yakaumwaga ndivani. Kisha jua likatoka, likawaka. Ndiva imejaa tope hadi ukingoni, maji ya chemchemi hayana pa kukaa, yanapotea ovyo. Na maharage ya kijiji kizima ndiyo kwanza yanatoa maua! Ya Nakiete pia. Wale watoto wanne wangekula nini?

Kwa desturi ya kwao, ndiva ikiharibika mtu hupuliza baragumu, na kijiji kizima hutoka na majembe. Kazi hiyo ya pamoja wanaiita msaragambo. Lakini mpulizaji sharti aseme kilichoharibu. Nakiete aseme nini? Akaona aibu, akaliacha baragumu.

Akachukua karai, akazoa tope peke yake. Usiku tope lingine likateremka. Akazoa tena, likateremka tena. Akazoa mara ya tatu, likateremka kama kawaida.

"Utazoa mpaka meno yakutoke," Kaa akasema. "Tope halitoki huku. Linatoka kule juu kwako."

Nakiete akakaa chini akalia. "Nimekosa, Kaa. Nimewakosea ninyi watatu, na watu wangu siwezi kuwatazama usoni."

"Machozi hayanyweshi maharage. Inuka unitazame."

Kaa akapanda mteremko, akatembea kiupandeupande, akiukatisha mlima. "Matuta yako yapite hapa nilipopita. Maji yakiteremka yatakwama, na udongo utayanywa. Ila peke yako huwezi."

Nakiete akafuta machozi, akapuliza baragumu. Watu wakaja mbio. "Ni mimi," akasema. "Nimefyeka, nimechoma, nimekata. Ni mimi."

Mndeme, mgawa maji, akafoka, "Kichwa kigumu wewe! Haya, shika jembe, tutagombana huku tunalima. Na zamu yako itakuwa ya mwisho."

"Itakuwa ya mwisho," akajibu Nakiete.

Wakafanya kazi siku tatu. Wakatoa tope, wakalirudisha juu kwa makarai. Wakachimba matuta ya kuukinga mlima. Fuko akawalainishia udongo. Hondohondo bado alikuwa na kinyongo, lakini alileta tini za mkuyu, akazidondosha. Nakiete akazifukia moja moja, akapanda na matete. Kipande kile akakirudishia msitu.

Siku ya nne ndiva ikafunguliwa. Nakiete akangoja mwisho wa mfereji tangu asubuhi. Wengine wakanywesha. Jua likapinduka, mfereji mkavu. Akajua maji yameisha, na hakuwa na wa kumlaumu. Akajitwika jembe aende zake.

"Mama! Mama, yamekuja!" watoto wakapiga kelele.

Yalikuja membamba kama kamba, yakalowesha nusu ya shamba, yakakatika. Nusu ile ikazaa, na watoto wakala wakashiba. Baadaye sana ndipo Nakiete alipopata kusikia kwamba siku ile Mndeme aliziba mfereji wa shamba lake mwenyewe kabla zamu yake haijaisha, ili maji yafike kwa Nakiete.

Mmesikia, wanangu? Ukiuvua mlima nguo, njaa inateremka kijijini. Na ukikosa, sema mapema, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyesema hupata wa kushika naye jembe.

Ngano yangu nimeivuna. Mwenye masikio kajaza kapu, aliyesinzia aokote masazo.